Vitanda Kumi na Kimoja Wodi ya Nne

Kila asubuhi karani wa takwimu alizunguka wodi zote za hospitali na fomu yake, na fomu yenyewe ilikuwa na akili ya kuku: ilihesabu vitanda, haikuhesabu pumzi. Kitanda kisicho na mtu kiliandikwa "wazi", basi. Wodi ya nne ilikuwa na vitanda kumi na kimoja vilivyotandikwa vizuri, ila bomba lake la oksijeni lilikufa wiki iliyopita. Wenye kutweta walilazwa sakafuni wodi ya pili, wawili kwa mtungi mmoja. Hao wa sakafuni hawakuwa na nafasi kwenye fomu. Aliwahi kumuuliza mkuu wake waandikwe wapi. "Wewe jaza kilichoulizwa," akajibiwa, naye akajaza.

Siku hiyo, karani akiwa kazini, kaka yake alimpigia kwamba mama ameamka hana pumzi. Karani akahangaika na simu huku na kule mpaka akampata muuguzi aliyesoma naye, wa kituo kidogo cha afya ng'ambo ya mto.

"Ninao mtungi mmoja wa oksijeni," muuguzi akasema. "Nakuwekea mpaka saa sita, rafiki yangu. Zaidi ya hapo sitaweza, watu wanagombana huku."

Akampigia kaka, ambaye nyumbani walimtania Mzee wa Habari, maana hakuna taarifa iliyompita.

"Kaka, mpeleke mama ng'ambo sasa hivi. Huku msije, kumejaa."

"Kumejaa wapi? Mganga mkuu wenu kaongea redioni muda huu. Vitanda kumi na kimoja viko wazi, watu waache uzushi."

"Hiyo namba nimeiandika mimi!"

"Sasa?"

Akaanza kueleza habari za bomba, na fomu, na sakafu, maneno yakimtoka ovyo ovyo.

"Mdogo wangu," kaka akamkatiza, "uandike vipo, halafu uniambie havipo? Nishike lipi?" Akakata simu.

Haya, mjibu wewe kama unaweza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuhusu mkuu asiyesikia la mdogo wake, walinyamaza kimya. Karani alipiga mara tisa. Kaka alikuwa anaendesha gari, hakupokea.

Saa saba kasoro alimkuta mama wodi ya nne, kwenye shuka safi. Alikimbilia wodi ya pili kuomba mtungi. Nesi alimwonyesha kwa kidole wale wawili wawili sakafuni, akaendelea na kazi yake. Akapiga simu ng'ambo. "Nimeshampa mtu," muuguzi akasema. "Nisamehe." Karani alijichukia, yeye na mkono wake wa kuandikia.

Aliporudi, kaka alikuwa dirishani anawapigia shangazi zake, uso umemjaa furaha. "Kapata kitanda! Tena safi! Huyu binti yenu alitaka kutuzungusha bure!"

Karani alimpita, akaenda kwa mama. Alipanda kitandani, akamwegemeza mama kifuani pake, akaanza kuvuta pumzi kwa sauti, polepole, ili mama amfuatishe. Mama alijitahidi. Akafuatisha ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ndiyo hivyo, mama," karani akasema. "Tena."

Karani akavuta ya nne, akavuta peke yake.