Gari Lililosimama Bugembe

Madereva wa barabara ya Iganga hawana adabu. Nasema mimi Gidudu, niliyelinda wafungwa mpaka nikastaafu, na nimewahi kufungia wezi wa ng'ombe wenye heshima kuliko hawa. Ukikanyaga mistari ya kuvukia pale Bugembe, dereva anaongeza mwendo. Wa teksi anakutukania mama yako huku anatabasamu. Wa bodaboda anapita hata kwenye njia ya miguu, kisha anakuuliza kama huoni.

Hapo hapo gari lilimgonga mke wangu Metrine, likamvunja mguu, likaenda zake. Akalazwa kliniki ng'ambo ya barabara. Kila mchana nilimpelekea malewa, machipukizi ya mianzi ya kwetu, na ndizi, nikivuka na fimbo yangu na koti langu la khaki, roho mkononi.

Kisha gari moja likaanza kunisimamia. Dogo, jeupe, vioo vya pembeni vyeusi. Halikupiga honi. Lilisimama mbali kabisa na kungoja hadi nifike upande wa pili. Siku ya kwanza nilishukuru. Baadaye nikaanza kulitazama vibaya. Kwetu Mbale, kwa sisi Wagisu, magari husimama namna hiyo mwaka wa imbalu tu, kijana anayekwenda kutahiriwa anapocheza barabarani na njuga zake, jamaa zake wakimfuata na fimbo. Hapa Bugembe hakuna imbalu. Huyu ananiheshimu kwa lipi?

Nikamuuliza Metrine gari lililomgonga lilikuwa la rangi gani.

"Nyeupe," akasema.

Ilinitosha. Gerezani mwenye hatia ndiye huwahi kukusalimia.

Siku moja kabla Metrine hajaruhusiwa kurudi nyumbani, gari lile liliposimama, sikuvuka. Nililiendea na hasira zangu zote, nikalipiga kioo cha mbele kwa fimbo. Kikapasuka chote.

Akatoka mwanamume mwembamba wa kanzu, mikono juu. Nilimjua kwa sura: Mutwalibu, muuza viatu wa Jinja mjini.

"Afande, mimi nakosa nini?"

"Kwa nini unanisimamia kila siku?"

"Ile mwaka ya imbalu mimi iko Mbale, pale Nabuyonga. Napigia vijana honi, watoke barabara. Watu ya fimbo navunja kioo yote, mimi iko ndani! Tangu siku hiyo nikiona Mugisu na fimbo, nasimama. Hata iko mbali, nasimama."

"Nani alikwambia mimi Mugisu?"

"Afande, kila siku wewe natukana malori kwa Lugisu." Akatazama kioo chake. "Mimi nasimama, na bado wewe navunja."

Nikamwambia akajieleze polisi. Aliingia ndani akaondoka polepole, kichwa nje ya dirisha ili aone njia.

Nilimsimulia Metrine kwa kujigamba. Akaacha kutafuna.

"Iliyonigonga ilikuwa pikapu, baba. Pikapu kubwa, ya matanki ya maji."

"Ulisema nyeupe!"

"Uliuliza rangi."

Niliona aibu, sikuweza hata kumtazama usoni.

Kesho yake tukasimama kwenye mistari, yeye na magongo yake mawili, mimi nimebeba nguo zake. Yalipita malori, teksi, basi la Mbale lililotumwagia vumbi. Hakuna aliyepunguza mwendo. Mguu wa Metrine ukaanza kutetemeka.

Ndipo nikaliona gari dogo jeupe, na kioo kipya cha mbele.

"Si ndiye yule anayesimama?" Metrine akauliza.

Nikaitupa fimbo majanini. Nikainua mikono yote miwili, mitupu, aione. Kioo kilikuwa safi, nikauona uso wake, naye akaniona. Mimi Gidudu nikamwomba kwa sauti, "Bwana Mutwalibu, tafadhali, ni mgonjwa!"

Akapiga honi ndefu, akaongeza mwendo.

Metrine aliyumba nikamshika. Nyumba yetu ilikuwa pale ng'ambo, mlango tunauona.