Kichwa cha Ramadhani

Rogath alikuwa juu ya ngazi, robota la mashuka ya Dubai begani, kichwa kilipomgonga tena kama jana na juzi. Alishuka polepole akaegemea kaunta. Mzee Tulsidas, mwenye duka, alimtazama juu ya miwani akamwambia apumzike kidogo. Alikuwa tajiri mwenye huruma, ila huruma yake ilikuwa haifiki adhuhuri.

Kwa watu wengine kichwa ni kichwa. Unameza Panadol, unalala, kesho umekisahau. Kwa Rogath kilikuwa swali. Mwaka ule dawa za virusi vya Ukimwi zilianza kutolewa bure, na yeye alikuwa ndiyo kwanza ameanza vidonge vyake. Ndugu yake Onesphory, aliyeugua ugonjwa huo huo kabla dawa hazijafika, alianza hivi hivi, kichwa tu, na kabla ya Krismasi wakamsafirisha Rombo ndani ya jeneza. Rogath aliogopa sana. Lakini tangu utoto alikuwa mdadisi. Hata hofu aliigeuza kama shuka, atafute lebo imeandikwa nini.

Akaanza kukipeleleza kichwa chake. Alijaribu kula kwanza, alijaribu kukaa na njaa, akalinganisha maumivu ya asubuhi na ya mchana. Dispensari ya kona walimtoa damu wakamwambia ana malaria, wadudu watatu. Hakushangaa. Tangu biashara iwe huria, kila kona ya Kariakoo ina dispensari, na kila dispensari ina wadudu watatu wa kukuuzia dawa. Kliniki alikochukua vidonge, tabibu aliliona jalada lake kabla ya kumwona yeye. Alisema ndiyo huo ugonjwa wenyewe, kikizidi arudi, akaita mwingine. Kikizidi kiasi gani, hakusema.

Mchana ule Bakili, kuli wa mkokoteni, alikuja kuchukua mzigo akiwa amejifunga kitambaa kichwani. Moyo wa Rogath ukaruka. Akamuuliza kwa sauti ya chini kilimwanza lini.

"Tangu mwezi ulipoandama," Bakili alisema. "Arosto ya kahawa tu, braza, mwili unaidai. Kila Ramadhani siku za mwanzo inanishika hivi. Wewe hufungi, utajulia wapi."

Rogath alibaki ameshika robota upande mmoja. Kwao Rombo kahawa ni ya kuuza. Kuinywa alifundishwa hapa mjini, kwenye benchi la Fikirini muuza kahawa, kikombe juu ya kikombe tangu asubuhi. Na mchana wa Ramadhani Fikirini hatoki. Benchi lake lilikuwa limeegemezwa ukutani tangu wiki ile ile alipoanza vidonge, na kila siku Rogath alipita mbele yake ameshika kichwa. Hivi mtu mwenye virusi naye anaruhusiwa kupata arosto kama Bakili?

Jioni hakwenda nyumbani Ilala. Alisubiri adhana ya magharibi, watu wafuturu, Fikirini ashushe benchi na kupuliza mkaa. Akanywa kikombe, akanywa cha pili kwa kashata, akakaa kukisikilizia kichwa. Kiliachia taratibu, kwanza nyuma ya macho, kisha kipaji cha uso. Akacheka peke yake. Fikirini alipouliza kuna nini, akamwambia amwongezee. Kisha kicheko kikamkauka, maana alimkumbuka Onesphory, ambaye kahawa hakuwahi kuigusa.

Asubuhi aliomba ruhusa dukani, akarudi kliniki, akakaa foleni hadi zamu yake ikafika.

"Bado kinauma?" tabibu aliuliza, macho kwenye jalada.

"Kimepona. Ila naomba uniulize kama vile bado kinauma. Uniulize yote ya kuulizwa."

Tabibu aliinua macho. Alikuwa kijana, amechoka, shati limelowa mgongoni. Labda alitaka kukasirika, akaona hata hasira ni kazi.

"Shingo inakaza?"

"Mimi, hapana."

"Unatapika?"

"Mimi, hapana."

"Mwanga unakuumiza macho?"

Rogath alikiona chumba cha Ilala, na khanga waliyoitundika dirishani mchana kweupe kwa sababu jua lilimliza Onesphory.

"Mimi, hapana," alisema. "Ndugu yangu alikuwa nayo yote matatu. Alikuja hapa mpaka akashindwa kutembea, na hakuna aliyemuuliza."

Tabibu alitazama mlangoni, kwenye foleni.

"Ningemuuliza, kisha? Kipimo cha maji ya mgongo kinalipiwa, kaka. Na ikionekana ni homa ya uti wa mgongo, dawa yake msingeimudu."

"Mimi nauza mashuka, daktari. Hata mteja ninayeona hana kitu, bei namtajia."

Rogath aliinuka, akampisha mama mmoja aliyekuwa akiingia huku amejishika kichwa kwa mikono miwili. Mlango ulibaki wazi nusu. Alijua Mzee Tulsidas anamsubiri, lakini alisimama pale koridoni, akasikia kiti kikivutwa, jalada likifunuliwa, kisha kimya. Akatega sikio asikie kama yule mama ataulizwa.