Moshi wa Mgongo wa Punda

Zahran bin Mhanna hakuwa na magoti mazuri, hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na mwenzi wa safari wala ruhusa ya mkewe. Ilipofika adhuhuri hakuwa na kiberiti pia, na hicho ndicho kilichomponza.

Chanzo ni mwanawe Badar, aliyetaka wazazi wake wateremke wakakae naye Maskati, kwenye ghorofa yenye lifti. Zahran alimjibu kwamba mtu anayeweza kuupita Mgongo wa Punda peke yake, kwa siku moja, hahitaji lifti. Badar akakubali kwa sharti: afike kileleni kabla ya alasiri, awashe moto, na moshi uonekane kijijini. Akishindwa, ahame. Shahidi niwe mimi, jirani yake, kwa kuwa tumegombana miaka arobaini na sitampendelea.

Akaondoka alfajiri. Mgongo ule ni jiwe tupu, bonde kulia, bonde kushoto, na mahali pengine mtu hupita amekaa kama aliyepanda mnyama. Zahran alinieleza baadaye kwamba alitembea wima mwanzo hadi mwisho. Kanzu yake ilikuwa imechanika makalioni.

Katikati ya njia yuko Bi Shamsa, mchunga mbuzi, ambaye kiangazi hukaa pangoni. Alimkaribisha kahawa, lakini moto wake ulikuwa umezimika, basi Zahran akatoa kiberiti. Kwetu usipokitikisa kikombe unamiminiwa tena. Zahran alikuwa akisimulia ushujaa wake, na hakukumbuka kutikisa mpaka cha saba. Alipotazama jua alikurupuka, akakiacha kiberiti kando ya mafiga.

Mimi nilikuwa juu ya paa na darubini, pamoja na mkewe, Bi Ghaniya. Alasiri ikakaribia, moshi hakuna. Nikaanza kuwaza ni nani mwingine pale kijijini anayejua kugombana vizuri, nisimpate. Mara kileleni pakapepea kitu cheupe. Zahran alikuwa amevua kanzu, anaipunga kwa mikono miwili, amebaki na fulana na shuka.

Bi Ghaniya akaninyang'anya darubini.

"Ni yeye," akasema. "Kile kiraka cha buluu cha fulana nilikishona mimi."

Kesho yake asubuhi nilikaa kumwandikia Badar barua ya ushahidi, Zahran miguu yake imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nikamsomea mstari wa kwanza: sikuona moshi.

"Andika uliuona, Sleyum. Moshi mweupe, kanzu nyeupe, tofauti iko wapi?"

"Siandiki nisichokiona."

"Basi andika nilifika."

"Mwanao atauliza nilijuaje. Nitaandika nilikuona kileleni na fulana ya kiraka."

"Barua hiyo ataisoma mkewe, bwana wee. Na wakwe."

"Basi niiache. Nasikia lifti za Maskati ni nzuri, zina hata kioo."

Akautazama mlima kupitia mlango.

"Andika fulana," akasema. "Lakini andika ilikuwa safi."

"Liandike hilo," Bi Ghaniya akasema kutoka jikoni. "Niliifua mimi."

Nikaliongeza. Zahran aliilamba gundi ya bahasha mwenyewe, akaikandamiza kwa ngumi, akachechemea hadi kwa dereva wa gari la Nizwa na kumkabidhi mkononi. Akasimama pale mpaka gari likakata kona.