Thelathini na Mbili ya Ardith

"Risasi za ishirini na mbili huzipati, usijidanganye," Denver Hobbs alimwambia Twila Pruitt juu ya uzio. "Hata watoto wamekosa za kuwindia kuchakuro."

"Nani kataja ishirini na mbili? Nasema thelathini na nane. Ninazo boksi nne za marehemu mume wangu, na rivolva yake haina hata doa la kutu. Nakupa bure."

"Boksi nne, dada yangu, ni kikohozi tu."

"Basi kohoa. Lakini achana na risasi za Verlin."

Denver aliendelea kumwagilia nyanya. "Thelathini na mbili ni laini mkononi," alisema. "Kifundo changu hiki cha mkono, tangu niache kuendesha lori la makaa, hakitaki makeke. Na Verlin anayo makreti."

"Makreti ya baba yangu."

"Ya baba yako, ndiyo. Kuna aliyebisha?"

Walikuwa wakibishana hivyo tangu majira ya kuchipua, na bonde lote la Pigeon Fork lilijua, kwa sababu uzio ule uko kando ya barabara na kila aliyepita alipunguza mwendo wa gari akashusha kioo.

Ulikuwa mwaka ule wa barakoa, na risasi zilikuwa zimekwisha madukani. Za milimita tisa zilitangulia kwisha, maana kila nyumba bondeni ina bastola ya tisa. Rafu ya duka mjini ilibaki na mafuta ya kusafishia bunduki na soksi za sufu. Aliyekuwa na boksi la tisa aliliweka kabatini kwa ajili ya kulinda nyumba, asithubutu kulimalizia kwenye karatasi za shabaha. Ndiyo maana kila mtu alitafuta kaliba ya pili, risasi za ukubwa mwingine, za mazoezi tu. Arobaini inarusha mkono. Arobaini na tano ilionekana kwenye picha tu. Wapo waliofanya mazoezi kwa bastola tupu mbele ya runinga, wakimlenga mtangazaji wa hali ya hewa.

Kabla ya hapo, kila Jumapili baada ya ibada, watu walipanda kwenye machimbo ya zamani ya makaa wakapiga shabaha, kisha wote wakashukia kwa Maxine, mke wa Denver, kula. Aliyepiga vibaya kuliko wote aliosha vyombo. Maxine alikuwa na meza aliyotengenezewa kwa mlango wa ghala, na aliipenda ikijaa viwiko. Risasi zilipokwisha, machimbo yalinyamaza, na watu wakala kwao. Maxine akawa anapika sufuria ile ile kubwa, halafu anakaa kuitazama. Denver naye akawa anamtazama Maxine.

Hapo ndipo Verlin Stamper alipokuja na rivolva ya marehemu mkewe, ya thelathini na mbili, na kreti la kwanza la risasi ambazo mkewe alirithi kwa baba yake.

Mkewe alikuwa Ardith, mdogo wake Twila. Alifia jikoni kwake mwezi Februari. Lyle Gant, msaidizi wa sherifu, aliandika kwamba alikuwa amekaa mezani akisafisha rivolva hiyo, ikafyatuka, ikampiga kifuani. Mchunguzi wa vifo, ambaye katika kaunti hiyo ndiye pia mwenye nyumba ya mazishi, alisaini bila kumgeuza, na Verlin akaomba jeneza lifungwe. Twila alimwambia Gant kwamba alikuta sufuria ya maharagwe imeungua hadi chini, na hakuna mwanamke anayekaa kusafisha bastola huku maharagwe yanaungua. Gant alimjibu kwamba wanawake wanajulikana kwa kufanya mambo mawili kwa mpigo.

Jumapili ya kwanza machimboni, Denver alipewa heshima ya kuanza na rivolva ile. Alilenga kichwa cha mtu aliyechorwa kwenye karatasi, kama kawaida yake, na tundu likatokea chini ya bega la kushoto. Gant alilenga tumbo. Risasi ikapita katika tundu lile lile. Maxine, ambaye hajawahi kushika bastola, alifumba macho akapiga juu, kuelekea kwa mwewe. Karatasi ikatikisika, tundu likabaki moja.

"Hii inajua njia," alisema Gant, akaipuliza.

Walipokwenda kuichukua karatasi, waliona kingo za tundu zimechanika kuwaelekea wao waliopiga. Upande wa nyuma ulikuwa laini. Denver alitia kidole cha shahada kutokea nyuma, kikapita bila kukwama.

"Imeingilia mgongoni," alisema.

"Mgongoni," alikubali Gant.

Kwa kuwa baruti haikunuka hata kidogo, na machimbo yote yalinuka maharagwe yaliyoungua, watu walisikia njaa, wakashuka kwa Maxine.

Ikawa ndivyo kila Jumapili. Denver aliwaeleza waliouliza kwamba mazoezi ni ya kidole na pumzi, karatasi ni urembo tu. Kidole chake kile kilibaki na masizi ya sufuria. Alikisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa, kisha akazoea kukifunga plasta. Kwa vile wote walipiga tundu moja hapakuwa na wa mwisho, kwa hiyo Verlin alijitolea kuosha vyombo. Kina mama walisema hawajaona mgane mnyenyekevu kama yeye, na mmoja alianza kumpelekea keki.

Twila hakupanda machimboni, lakini karatasi moja ilimfikia, imefungiwa biskuti. Aliitandaza kitandani, akajilaza juu yake, akapima kwa mkono mahali tundu linapomwangukia. Asubuhi alipiga simu ofisi ya mwendesha mashtaka. Karani alimsikiliza vizuri tu. Alimwambia karatasi za namna hiyo wamewahi kuziona, wala si ngeni, ila hazisimami mahakamani kwa neno la dada wa marehemu peke yake. Aje Jumatatu na mtu mwingine, aliyepiga na akaona, aseme kwa mdomo wake. Baada ya Jumatatu faili litafungwa.

Twila alimwendea Gant, akakuta ana kazi. Aliwaendea wengine, wakamkaribisha kahawa, wakazungumzia mvua. Akabaki Denver, ambaye kidole chake kilipita mle.

Kwa hiyo Jumamosi ile, baada ya ubishi ule wa uzioni, nyanya zikiwa zimeshalowa kupita kiasi, Twila alivuka uzio na rivolva ya marehemu mumewe na zile boksi nne.

"Hii ndiyo kaliba yako ya pili," alisema. "Chukua. Kesho huendi kwa Verlin, na kesho kutwa unakuja nami mjini."

"Na wakimkamata?"

"Ndiyo ninachotaka wafanye."

"Makreti watayachukua yote, Twila. Ushahidi."

"Najua."

Denver alikuna shingo. Walikwenda nyuma ya ghala, akaweka kopo juu ya gogo, akapiga mara sita. Risasi tano ziliingia kwenye tope na moja iliipata ndoo ya jirani. Mkono ulimuuma hadi kwenye kiwiko. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili kukosa.

"Umeona?" alisema Twila. "Hii inakwenda unakoielekeza."

"Ndiyo shida yake," alisema Denver, lakini aliibeba akaingia nayo ndani. Twila alirudi kwake akaanika gauni lake la kitani, la kwendea mjini.

Jumapili alikaa kwenye ngazi za baraza ya Maxine, karatasi imekunjwa magotini. Alitaka kuona Denver atatokea upande upi, wa nyumbani au wa machimboni. Ndani kulikuwa na vishindo vya viti. Kwanza ilishuka harufu ya maharagwe yaliyoungua, ikatambaa barabarani, ikapita uzio. Kisha zikaja pikapu, moja nyuma ya nyingine, na ya Denver ilikuwa katikati yao.

Alishuka, akafungua mlango wa abiria, akatoa rivolva imefungwa kwa taulo la jikoni. Aliiweka magotini kwa Twila, juu ya karatasi, na boksi tatu juu yake.

"Ile ya nne niliyoifungua nitakulipa."

"Sitaki unilipe."

"Ni silaha nzuri. Ila kwa kifundo changu, na kwa idadi yake, dada, haifai mazoezi. Nimepima pande zote."

"Ulitia kidole chako mle, Denver."

"Nilitia."

"Kikatokea wapi?"

"Mbele. Nimesema lini hakikutokea mbele?"

"Basi kaliseme hilo kesho. Neno moja tu. Nitakuendesha mwenyewe, nitakurudisha."

Denver alitazama plasta yake. Masizi yalikuwa yamepenya tena, kama kila siku ifikapo saa sita mchana. Nyuma yake watu walikuwa wakifuta viatu na kucheka, na mmoja alimuuliza Gant kama atazeeka bila kupata tundu la pili. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Maxine akiimba, jambo ambalo halikusikika majira yote ya baridi.

"Amepata watu kumi na wanane leo," Denver alisema kwa sauti ya chini. "Hana mahali pa kuweka viazi."

Akampita, akaingia.

Verlin alikuwa wa mwisho kupanda ngazi, kreti begani. Alipofika kwa Twila alivua kofia kwa mkono uliobaki.

"Shemeji," alisema.

 Twila alikuwa akitazama shingo yake, mikono yake iliyooshwa, shati lake la kanisani. Verlin alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akavaa kofia. Mlango wa wavu ukafunguka, Maxine akatokea na mwiko mkononi na uso uliojaa joto la jiko.

"Verlin, weka hilo kreti hapo kwenye kona, unawe mikono. Nimepika maharagwe na mkate wa mahindi, maana nyote mnashuka huko na harufu yake, mtu atafanya nini." Alimsogezea mlango kwa nyonga, Verlin akapita. Kisha akamwona Twila, na rivolva kwenye taulo lake la jikoni, na karatasi chini yake. Alilitambua taulo. Akaitazama karatasi muda wa kutosha.

"Na wewe Twila, usikae nje kama mgeni," alisema. "Kimebaki kiti kimoja, pale kando ya Verlin. Ingia ule."