Siku Nangai Alipolala Shimoni

Ndovu wangu Nangai alikuwa mkubwa hivi kwamba kunguru walijenga kiota nyuma ya sikio lake, nami nikamwendesha polepole mwezi mzima mpaka vifaranga wakaota mbawa. Asiyeamini akawaulize kunguru.

Mwaka huo mfalme aliwapa ardhi makuhani wa Shiva, familia kumi na mbili, hapa kwetu kando ya mto Kaveri. Ardhi ya sadaka haipimwi kwa kamba. Hufunguliwa ndovu jike akatembea apendavyo, na nyuma yake watu husimika mawe na kupanda ua wa mnyaa kufuata nyayo. Akirudi alipoanzia kabla ya jua kuzama, kilicho ndani ni cha makuhani milele. Kilicho nje hubaki kwa wenyewe. Mwendeshaji hukaa shingoni kama mzigo tu: fimbo ananyang'anywa, na mdomo haruhusiwi kuufungua.

Alfajiri Kadambi mfinyanzi akanijia bandani, udongo umemkaukia mpaka viwikoni.

"Kaka Sattan, shimo letu la udongo."

"Limefanya nini?"

"Usinichezee. Likiingia ndani ya mnyaa hakuna atakayechimba tena. Nyumba tisa sisi, tutafinyanga mate?"

"Dada, leo mimi ni gunia. Mwenye akili ni ndovu."

"Hilo la akili kijiji kizima kinalijua," akasema, akaondoka bila kucheka.

Sasa, Nangai huoga mtoni kila asubuhi. Lakini mjumbe wa mfalme, Vikki Araiyan, alikuwa amemsiliba manjano na msandali mwili mzima, akaamuru asiguswe na maji, baraka zisije zikaoshwa.

"Bwana mkubwa," nikamwambia, "ndovu asiyeoga hana dini."

"Wewe kalia ndovu. Dini tuachie wenyewe."

Nikapanda shingoni. Nilijua kitakachotokea? Nilijua kidogo.

Tukaondoka kwa ngoma. Mjumbe alifuata nyuma, amejitwika kichwani hati ya mfalme iliyofungwa kwa hariri. Tulizunguka bwawa vizuri, tukapita mashamba ya mpunga, mnyaa ukipandwa, mawe yakisimama. Jua lilipopanda, manjano yakakauka na kupasuka kama tope la kiangazi, na Nangai akaanza kujikuna kwenye kila mnazi. Minazi mitatu ikalala. Halafu pua yake ikanusa udongo mbichi.

Alikimbia. Ndovu yule, na ukubwa ule, alikimbia kama mbuzi, akajitupa katikati ya shimo la wafinyanzi na kulala ubavu, mimi nikazama mpaka kiunoni. Ngoma zikakatika. Sheria ni kufuata nyayo, basi mjumbe naye akafuata. Alizama mpaka kifuani, hati iko juu, kavu.

"Mtoe!" akanipigia kelele.

Nikamwonyesha mdomo wangu kwa kidole. Umekatazwa.

Wafinyanzi wakajaa ukingoni.

"Bwana mkubwa, karibu nyumbani!"

"Mpeni mtungi akalie!"

Wasaidizi wakasimika jiwe la mpaka, likazama. La pili likazama. La nne nadhani lilifika kwa nyoka wanaoishi chini ya dunia, likawaamsha.

Hivyo hivyo mpaka alasiri. Ndipo Nangai akasimama, tope linamtiririka, na vicheko vikaisha. Maana kila mtu alikuwa anapiga hesabu ileile: akitokea upande wa mpunga, shimo limebaki nje, akitokea upande wa vibanda vya wafinyanzi, shimo limekwenda. Akageuza kichwa kuelekea vibandani. Kadambi akakaa chini, mikono kichwani.

Mjumbe alikuwa amechukua fimbo na kuufunga mdomo wangu. Vidole vya miguu hakuvitaja, kwa kuwa hajawahi kupanda ndovu. Sisi waendeshaji tunaongea naye kwa dole gumba la mguu nyuma ya sikio. Lakini hati ile ina laana: apotoshaye sadaka atazaliwa funza wa kinyesi miaka elfu sitini. Nikaifikiria hiyo miaka. Nikamtazama Kadambi. Nikabonyeza.

Nangai akatulia. Nikabonyeza tena mpaka goti likalia. Akapuliza pumzi kama mtu aliyechoshwa na mgeni, akageuka, akatoka upande wa mpunga na kuanza kula majani.

Ukingoni palisimama mkuu wa wale makuhani, mzee Nilakantan, na mwavuli wake wa makuti. Macho yake yalikuwa miguuni kwangu.

"Mwendeshaji, vidole vyako vina nini? Jibu, nimekuruhusu."

"Baridi ya tope, babu."

"Baridi. Na jua hili."

Akalitazama shimo. Akatazama safu za vyungu vilivyoanikwa. 

"Kila mwezi ukiandama," akasema, "tunavunja vyungu vikuukuu na kupikia vipya. Hawa wakikosa udongo, Mungu tutampikia wali viganjani?" Akamgeukia karani aliyekuwa akiandika mipaka. "Andika: upande wa kaskazini mpaka ni ukingo wa shimo la wafinyanzi. Shimo lenyewe halimo. Ndovu ameamua."

"Lakini babu, mimi nimeona..." mjumbe akaanza.

"Umeona nini wewe, na macho yamejaa udongo?"

Mtu akaipokea hati, maandamano yakaendelea, maana jua halimsubiri kuhani. Nilipogeuka shingoni mwa Nangai, Kadambi alikuwa amemshika karani mkono, anamtaka ausome mstari ule mara ya tatu. Kusoma hajui, na hana imani na wanaume wenye kalamu. Aliporidhika akachukua jembe na kikapu, akashuka shimoni saa ileile na kuanza kuchimba kumzunguka mjumbe, ambaye bado hajapata wa kumvuta.

"Inua mguu, bwana mkubwa," nikamsikia akisema. "Hapo ulipokanyaga pana udongo mzuri."