Nyota Aliyekuja Kulalamikia Orodha

Jumanne, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Dursun mpika chai alipanda na sinia lake hadi idara ya elimu ya nyota, Izmir, akakuta Nurhayat ana wageni wawili ofisini. Mmoja alikuwa nyota mkubwa wa buluu, mnene, anavuja jasho. Wa pili hakuzidi punje ya dengu, ila uzito wake ulikuwa umezamisha vigae shubiri nzima. Walitoka galaksi kibete ya jirani, safari ya miaka laki mbili, kisha kivuko cha saa tatu asubuhi.

"Karibuni," alisema Dursun. "Sukari ngapi?"

Nurhayat aliwatambua. Miaka sita alikuwa akiipekua galaksi ile kwa eksirei kali, zile zinazopenya vumbi, na jozi hii aliigundua yeye. Makala ya ugunduzi huo ilikuwa itumwe mchana huo. Jina lake likitangulia, angepata uhadhiri. Lisipotangulia, mkataba wake ungeisha Ijumaa.

"Kwenye orodha yenu mmeandika jina la huyu," alisema nyota mkubwa, "mimi mkaniita mwenzake tu. Dada, huo mwanga mnaousifia ni mwili wangu. Ananila huyu!"

"Lakini unawaka ukishafika kwangu," alisema mdogo, akimnyofoa kipande kingine.

"Wajinga ndio waliwao," alisema Dursun, akimtazama Nurhayat.

Profesa Tahsin, mkuu wa idara, aliingia. Alimpa nyota mkubwa mkono, akaunguza nyusi ya kushoto, akasikiliza mpaka mwisho, maana ni mstaarabu.

"Ndio utaratibu, ndugu yangu. Anayeonekana ndiye anayeandikwa."

"Na makala, Mwalimu?" aliuliza Nurhayat. "Uliniahidi jina la kwanza."

"Aa, binti yangu, sisi si familia? Mwakani."

Nyota mkubwa alilaza kijiko juu ya bilauri, kama afanyavyo mtu aliyetosheka, kikayeyuka. Mdogo hakulaza chake, kwa hiyo Dursun akaendelea kuleta. Zilifika bilauri kumi na moja.

Makala ilitumwa saa nane. Jina la kwanza lilikuwa la Tahsin, la pili la nyota mdogo, eti kama mshauri. Nurhayat alishukuriwa mwishoni, pamoja na nyota mkubwa. Ilimuuma sana, na alikuwa na haki ya kuumia.

Ijumaa Dursun alimshushia Nurhayat boksi lake la vitu. Jumatatu nyota mdogo alipewa meza ya Nurhayat na uhadhiri, na mkubwa akawekewa kiti pembeni, karibu na mdomo wa mwenzake.

Chai inapelekwa kila saa nne. Mdogo bado hajakilaza kijiko.