Mipaka ya Rosa Kiden

Nimechoka na Koboko. Mji wenyewe haujanikosea. Kilichonichosha ni safari ya nne kutoka Arua kwa ajili ya shamba moja la mihogo na kaka mtu asiyetaka kuelewa. Kazi yangu ni kuwatetea wenye maradhi ya akili wasinyang'anywe mali zao. Nimeifanya miaka kumi na moja, na magoti yangu yanaijua kuliko mkubwa wangu ofisini.

Shamba ni la Rosa Kiden. Baba yake alimgawia akiwa hai, mbele ya ukoo mzima. Kisha Rosa akaugua, akaonekana siku moja sokoni akitembea uchi. Huu mwaka wa sita anachomwa sindano yake kila mwezi na analima vizuri kuliko majirani, lakini watu wameikumbuka siku ile moja na kuisahau miaka yote sita. Kaka yake, Lemi, akapeleka maombi kwa baraza la kijiji: dada hana akili timamu, shamba liwekwe mikononi mwake yeye. Baraza likikubali, Rosa hatapanda hata shina moja bila ruhusa ya Lemi, na Lemi ameshapata mnunuzi.

Asubuhi ya kesi nilimkalisha Rosa pembeni nikampa somo langu la kila siku. Kaa wima. Mikono mapajani. Usijibu mtu, mimi nitasema. Mwaka juzi mteja wangu mmoja alipandwa na hasira akapiga meza, wakaandika kwamba ni mtu wa hatari. Tangu hapo wateja wangu wote hunyamaza. Isitoshe, dawa humtetemesha Rosa mkono, nikaogopa na sauti itatetemeka.

"Hata kama mzee nauliza mimi?" akasema.

"Hata akikuuliza."

Mzee Kamisi, mwenyekiti wa baraza, si mtu mbaya. Alimsikiliza Lemi mpaka mwisho, kisha akanisikiliza mimi nikisoma sheria ya serikali, kifungu baada ya kifungu, huku nusu ya wajumbe wakisinzia. Nilipomaliza alifanya kile wanachofanya huku katika kila kesi ya shamba: alimwita mwenye shamba ataje mipaka. Ukiweza kusema umepakana na nani, kuanzia upande wa mawio ukazunguka mpaka ukarudi palepale, shamba ni lako. Ukishindwa, huna chako.

"Rosa, mtoto yangu," alisema. "Sema mpaka ya shamba yako. Pole pole tu, sisi iko nasikia."

Rosa akainuka, akanitazama. Baraza zima nalo likanitazama.

Mipaka nilikuwa nayo. Rosa alinitajia wiki iliyopita, nikaiandika kwenye karatasi safi. Basi nikasimama nikaisoma, tena kwa sauti ya kujiamini. Nilidhani kusoma na kutaja ni mamoja. Mimi mtu wa Onduparaka, pembeni mwa mji wa Arua, shamba letu la mwisho lilijengwa nyumba za kupanga kabla sijazaliwa.

Mzee Kamisi aliinua mkono. "Mama Pasca, mimi nauliza nani?"

"Mimi ndiye mwakilishi wake, mzee."

Akashusha pumzi, akanong'ona na wajumbe, na hawakukawia. "Mutu kama mwingine nasema mpaka yake, yeye hawezi kulinda hiyo mpaka," alisema. Wakaandika kwamba Rosa ameshindwa, na shamba litashikwa na Lemi. Lemi mwenyewe alibaki ameduwaa, hakutegemea mambo yawe rahisi hivyo.

Nje nilianza kubwabwaja habari za rufaa. Rosa alikaa kwenye benchi, akafunga kitenge chake upya, akaanza kusema akiyatazama makao ya baraza.

"Upande ya jua natoka iko shamba ya mama Afisa, mpaka kwa kijito. Juu, Lemi. Upande ya jua naingia, njia ya zamani. Chini iko kaburi ya baba. Hiyo ya kaburi wewe hapana soma. Wewe nasahau kuandika."

Mkono ulitetemeka. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

"Mbona hukusema mle ndani?" Swali la kijinga, na lilikuwa limeshanitoka.

"Wewe nakataza mimi."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Lemi alikuwa amekuja na maneno yake matupu, na mimi ndiye niliyempa ushahidi. Nikatoa kalamu, nikaanza kuandika barua ya rufaa pale pale, jina lake kwanza, kisha mahali pa mwakilishi, jina langu.

Rosa akaweka ule mkono wake juu ya karatasi.

"Hiyo siku mimi naingia peke yangu," alisema. "Wewe nakaa inje."